Kidokezo cha Saba

Rwamishenye, Bukoba
8 Septemba 2024

Kwa Bibi yangu Ma Kokubanza, Kamachumu

Shikamoo Bibi. Magoti yanaendeleaje? Hapa kwa Baba tuko wazima. Kupiga simu nimeacha, maana mara ya mwisho uliniambia unasikia nzi tu, kisha ukamkatia nzi.

Bibi, nina kazi yako. Kijarida cha vijana wa usharika wetu kimenipa ukurasa wa nyuma nitengeneze mraba wa mafumbo. Ni ndugu wa vitendawili vyako, ila msomaji hajibu kwa mdomo. Analiandika jibu kwenye vyumba vidogo, chumba kimoja herufi moja, vingine vimelala na vingine vimesimama. Kinachompeleka kwenye jibu ni kidokezo, na kidokezo kizuri kinapaswa kusema kweli huku kimeficha uso. Vijana wenzangu wananisifu tu. Nataka mtu wa kunisema, na sijui anayesema watu kukuzidi wewe.

Ta Avit akusomee polepole, neno kwa neno. Majibu nimeyaandika pembeni.

Cha kwanza, herufi sita: Anakuja Novemba bila kualikwa, watu wanamkimbilia na ndoo. (Senene.)

Cha pili, herufi sita: Pacha ndani ya ganda moja, ukiwatafuna na mtu, amekuwa ndugu yako. (Kahawa.)

Cha nne, herufi sita: Ndizi iliyokanyagwa kwa miguu, ikaimba harusini. (Rubisi.)

Cha tano, herufi tano: Mtoto wa jiko anayetoka nje bila kuaga. (Moshi.)

Cha saba, herufi saba: Shahidi wa mpaka asiye na miguu; mwaka huu amemruka babu akapanda juu. (Mlamula.)

Hicho cha saba ndicho ninachotaka ukitafune zaidi, Bibi. Usikipite haraka.

Mjukuu wako,
Evodia


Kamachumu, Muleba
14 Septemba 2024

Mjukuu wangu Evodia,

Marahaba. Magoti ni mabaya, usiulize tena, yakipona nitakutangazia kanisani.

Barua yako ilishushwa dukani kwa Avit na gari la asubuhi, naye akaja nayo hapa. Nimempa kahawa ya kutafuna kama kawaida, amekaa kwenye kigoda cha babu yako, anaandika ninavyosema. Nimemwambia asinilainishie maneno. Miaka kumi na mmoja ananisomea na kuniandikia, tangu babu yako alale, na bado ana tabia ya kuniwekea "tafadhali" ambazo sikuzisema.

Mambo ya herufi sita, herufi saba, kwanza sikuyaelewa. Avit akanipangia maharage mezani. Senene wanakaa kwenye maharage sita. Moshi unakaa kwenye matano. Basi nimeelewa, na nakwambia mchezo huu ni wa watu wasio na shamba, lakini ni mzuri.

Sasa nakusema.

Senene: kibaya. Umemtaja Novemba, umetaja ndoo, umebakiza nini? Hata mtoto wa kubebwa hapa Kamachumu anakujibu na ziwa liko mdomoni. Sema hivi: Mgeni wangu wa mvua, namng'oa mabawa ndipo namkaribisha jikoni. Hapo mtu atakaa chini afikiri.

Moshi: umeiba. Hicho nilikusimulia mimi ukiwa hujaota meno ya mbele, na mimi nilipewa na mama yangu. Ukikiandika, andika na jina langu. Sitaki jina lako peke yake chini ya moshi wangu.

Rubisi: uongo. Rubisi haiimbi. Anayeimba ni aliyeinywa. Umesema mwenyewe kidokezo kinasema kweli, halafu unaipa pombe mdomo. Tengeneza upya.

Kahawa: hapa umenigusa. Ni kweli, buni mbili zinalala ganda moja, na zamani watu waliozitafuna pamoja hawakuweza kudhuriana mpaka kufa. Nimemtazama Avit nikamwambia, unasikia, wewe na mimi tumeshatafuna gunia zima. Amecheka. Kiache kama kilivyo.

Hicho cha saba, cha mlamula, kwamba ni shahidi wa mpaka asiye na miguu wala jua halimkaushi, ni kizuri kuliko vyote. Kimetulia. Mlamula uko hivyo kweli, unaupanda mpakani, unakufa wewe unauacha umesimama, wajukuu wakigombana wanauliza mlamula. Sioni kwa nini ulitaka nikitafune. Sijapata mfupa.

Habari nyingine. Avit aliniletea karatasi ya miche mipya ya kahawa, nikatia dole. Safari hii si masizi ya chungu, alikuja na wino wa bluu, umekaa kidoleni siku tatu kama niliyepiga kura. Pia kaniambia nisishuke kule chini kwa babu yako mpaka nyasi zifyekwe, ameona swila amejikunja pale. Nimekaa juu kama mfungwa. Mwambie baba yako aje afyeke, ana mikono.

Kula. Mara ya mwisho shingo yako ilikuwa kama ya kuku wa kisasa.

Bibi yako Kokubanza
(dole gumba lake)


Kamachumu
14 Septemba 2024

Ta Johnson,

Barua hii nampa dereva akukabidhi mkononi, isipite kwa binti yako.

Binti yako anajua, na anataka kusema. Katikati ya michezo yake ya mafumbo ameweka kwamba mlamula umemruka marehemu na kupanda juu. Nilikuwa nasoma kwa sauti, mama yako amenitegea sikio lake zima, ikabidi nimalizie kitu kingine hapo hapo. Nashukuru Mungu amekisifia.

Kazi imekamilika kama tulivyokubaliana na jirani wa chini, Rwekaza. Milamula imeng'olewa chini na kupandwa upya upande wa juu wa kaburi, gari lake litapita bila shida. Karatasi ya mpaka ina dole la mama, anadhani ni ya miche. Lakini wewe uliahidi kwamba kabla ya kiangazi kuisha utakuja kumweleza na kumhamishia mzee karibu na nyumba. Kiangazi kimeisha. Rwekaza amenipa ile kona ya barabara kwa ajili ya duka, sikatai, ila mimi ndiye ninayekaa kwenye kigoda kile kila wiki. Leo ameniambia tumetafuna gunia zima la kahawa. Nilicheka. Sikujua nifanye nini kingine.

Mnyamazishe mtoto.

Avit


Rwamishenye, Bukoba
22 Septemba 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu, na pale kwenye cha saba nimesoma mara kumi. Nashukuru kwamba kilikupendeza jinsi kilivyokufikia.

Senene nimewatupa, nimeweka wako. Moshi una jina lako. Rubisi imenyamaza.

Nimebakiza kidokezo kimoja tu, cha tisa, herufi kumi, na hiki kimenishinda. Kinasema: Hatua za bibi na mjukuu, toka kwa babu hadi pale walipogeuka kurudi.

Unakumbuka, nilipokuwa nakaa kwako kabla ya kuanza shule? Ulikuwa unanifundisha kuhesabu kwa miguu. Jibu nimelisahau, na bila hilo mraba wote umeharibika. Usiniambie kwa kukisia, Bibi. Nenda ukahesabu. Usimtume mtu, maana hatua za mtu mwingine si zako.

Sina la zaidi. Baba hajui kwamba nimekuandikia, ana mambo mengi.

Evodia


Kamachumu, Muleba
29 Septemba 2024

Evodia,

Marahaba. Hicho cha tisa ni kidokezo kibovu kuliko vyote ulivyowahi kuniletea, na nakueleza kwa nini.

Kidokezo cha haki, mtu yeyote mwenye akili akikaa nacho anafika. Hiki anakifungua nani? Mimi na wewe tu. Msomaji wako wa Rwamishenye atajuaje nilipiga hatua ngapi na mtoto kamasi zinamtoka? Huo si ujanja, huo ni kufunga mlango halafu unamcheka mgeni aliye nje. Na la pili, jibu lenyewe ni idadi. Watu wanataka kitu, wanataka senene, wanataka moshi. Nani anachemsha idadi akala?

Avit amesema hata yeye hakioni kichwa wala miguu. Amekisoma mara mbili na kupiga mwayo.

Jibu ni thelathini. Nimepanga maharage, yamefika kumi, basi ni lenyewe. Lakini sikuamini wewe wala kichwa changu, maana ulikuwa unaruka hatua ukiona kipepeo. Nitashuka mwenyewe Alhamisi nikahesabu toka miguuni pa babu yako mpaka kwenye mlamula, na zikipungua hata moja nitakutumia barua ya matusi matupu.

Avit hapa ananiambia swila. Nimemwambia mimi na swila tumezeeka pamoja, anipishe nimpishe. Ananiambia magoti. Nimemwambia magoti ni yangu. Leo ana maneno mengi huyu, kahawa hajaigusa, imebaki kwenye kikapu. Nadhani anaumwa. Nitamchemshia dawa.

Nimewakumbuka nyote. Baba yako hajaja tangu Pasaka. Mwambie mama yake bado anapumua.

Bibi yako Kokubanza
(dole gumba lake)


Kamachumu
29 Septemba 2024

Ta Johnson,

Anashuka Alhamisi kuhesabu hatua za kaburi, kwa sababu ya mafumbo ya mtoto wako. Nimelisoma fumbo lenyewe kwa mdomo wangu na sikuliona. Njoo Jumatano na gari. Sema unampeleka Bukoba kutibiwa magoti, akae huko hata mwezi.

Amesema atanichemshia dawa. Sitakwenda kuinywa.

Avit


Kamachumu, Muleba
6 Oktoba 2024

Evodia,

Mkono huu si wa Avit. Ni wa Klaudia, jirani wa upande wa juu, yule Mkatoliki wa rozari ndefu. Anaandika polepole na anauliza kila neno mara mbili, lakini anaandika nililosema.

Baba yako alikuja Jumatano. Alikuja na gari, na mkate, na sukari. Akasema, "Mama, jiandae, nakupeleka Bukoba, kuna daktari wa magoti." Nilifurahi, nakwambia. Nilioga, nikavaa kitenge cha harusi ya shangazi yako Joanitha, nikawaita majirani waone nina mtoto. Halafu nikamwambia, "Subiri kidogo, nishuke nikamuage baba yako, na kuna hesabu ya Evodia naitaka."

Akasema tumechelewa. Nikasema babu yenu hana haraka. Akasema kuna nyoka. Nikamuuliza, na wewe umejuaje habari ya nyoka, umefika saa hii? Nikashika fimbo nikashuka. Akanifuata, akanishika mkono. Nikadhani ananishika nisianguke.

Evodia, nilikutana na mlamula kabla ya kumfikia babu yako.

Nilisimama. Nikafikiri nimepotea ndani ya kibanja changu mwenyewe, mimi niliyeingia humu nikiwa bibi harusi. Nikatazama migomba, migomba ni yangu. Nikatazama mlamula, udongo wake mbichi, umefungiwa kijiti usianguke kama mgonjwa. Na ng'ambo yake, kwa Rwekaza, ndipo alipolala babu yako Ndyamukama. Pembeni ya kichwa chake kuna alama ya tairi.

Nilimgeukia baba yako. Alikuwa anatazama viatu vyake. Nikamwambia, "Johnson, baba yako yuko kwa nani?" Akasema, "Mama, nilitaka kukueleza, nitamhamishia juu, nitamjengea kwa saruji." Nikamwambia mwanamume niliyemzika mimi hahamishwi na mtu aliyeshindwa kumwagia maji mche. Akasema nimekubali mwenyewe, dole langu lipo kwenye karatasi. Ndipo nikajua miche ya kahawa ilikuwa nini.

Gari nilimwambia arudi nalo. Mkate pia.

Avit hajaonekana. Duka amelifunga. Dawa niliyomchemshia nimeimwaga kwenye kigoda alichokuwa anakalia, na kigoda nimekitoa nje kinyeshewe. Miaka kumi na mmoja. Nikiumwa yeye ndiye aliyekuwa anaandika kwamba naumwa. Nilipolia kwa ajili ya babu yako, machozi yangu aliyageuza maneno kwa mkono wake. Johnson nilimzaa, mtoto wa kuzaa anaweza kukupiga teke toka tumboni. Avit nilimchagua.

Lakini sijakuandikia kwa ajili ya hao.

Barua zako zote nazitunza kwenye bati la biskuti. Jana nilimpa Klaudia azisome upya, moja baada ya moja, tuone Avit alinila wapi. Akafika kwenye cha saba. Akasoma: "mwaka huu amemruka babu akapanda juu." Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikamwambia rudia.

Jua halimkaushi haikuwemo. Ilikuwa ya Avit. Nilimsifia mwizi kwa wizi wake.

Klaudia anasema nikushukuru, ulijaribu kuniokoa. Mimi sijafika huko. Mimi nahesabu. Barua ile ina tarehe nane mwezi wa tisa. Mimi nimeshuka kule tarehe mbili mwezi wa kumi. Siku zote hizo ulikuwa unajua, nami nakaa hapa nakusahihishia rubisi.

Nijibu swali moja, na usiliweke kwenye vyumba vidogo. Ulijua tangu lini, na ulijuaje?

Kokubanza


Rwamishenye, Bukoba
10 Oktoba 2024

Bibi,

Nasema wazi.

Nimejua tangu mwezi wa sita. Nilijua kwa sababu ile karatasi niliichapa mimi. Baba alikuja na maneno yameandikwa kwa kalamu, akasema ni makubaliano ya mpaka, nimchapie kwenye ile kompyuta ninayotengenezea kijarida. Nilichapa mpaka mwisho. Mwishoni akasema acha nafasi ya dole la Bibi. Ndipo nikasoma upya nilichokuwa nimechapa.

Nilimuuliza kama unajua. Akasema utajulishwa. Akasema nikifungua mdomo nisahau chuo cha uuguzi, na akanishikisha Biblia niape kwamba sitakuambia kwa mdomo wangu wala kwa simu. Nikaapa. Baadaye nikaanza kufikiri kwamba mafumbo si mdomo. Nilijua Ta Avit ndiye msomaji wako, nikadhani akisoma atapita tu, wewe utakamata. Barua yako ilipokuja na maneno ya jua, nilijua anakusomea mambo mengine. Ndipo nikatengeneza cha tisa.

Nilikuwa naogopa, Bibi. Ndiyo sababu yote. Nilitaka ujue bila mimi kuwa nimekuambia.

Barua zako ninazo zote. Nisamehe.

Evodia


Kamachumu, Muleba
15 Oktoba 2024

Evodia,

Klaudia amenisomea. Ameisoma mpaka mwisho na hakuruka kitu, nilikuwa namtazama macho.

Ile karatasi nimeipata. Mwenyekiti wa kitongoji aliniletea nakala, akanisomea barazani kwa sauti, majirani wanasikia. Nataka nikuseme juu yake kama nilivyokusema juu ya senene, maana uliniomba nikuseme. Ni kazi yako bora kuliko zote. Hakuna neno baya hata moja. Inasema "kwa hiari yake". Inasema "baada ya kuelezwa na kuelewa". Imetulia, imenyooka, mtu hawezi kuona mshono. Na mwishoni nafasi ya dole, pana, nzuri, imepimwa. Uliipima wewe. Kidole changu kiliingia humo kama mguu kwenye kiatu.

Sasa nakueleza kinachoniuma, na Klaudia usilainishe.

Umeapa kwa Biblia, nasikia. Mimi sikusoma, lakini najua Mungu hakuandika Biblia ili ifunike kaburi. Umeogopa baba yako, nasikia. Hata mimi namwogopa wakati mwingine, ana sauti ya baba yake bila moyo wa baba yake. Umeogopa kukosa chuo. Hilo nalo nasikia, nakutakia chuo, nakutakia sindano na gauni jeupe. Lakini mwanangu, gari la kuja Kamachumu linaondoka kila asubuhi. Una miguu miwili na yote inakunja vizuri. Ungeshuka hapa, ukanishika mkono, ukanipeleka kule chini, ukanionyesha kwa kidole mlamula unakohamia, bila kusema hata neno. Kiapo chako kingebaki kizima. Ningejua mwezi ule ule wa sita, milamula haijang'olewa, dole langu halijaingia kwenye wino.

Wewe ukakaa mezani ukanitengenezea kitu kizuri. Ulitaka nijue, na ulitaka mikono yako ibaki misafi. Vyote viwili. Avit aliniibia maneno sita, nitamsema siku nikimwona. Ila wewe ulijua msomaji wangu ni mmoja tu, na bado ukampitishia yeye maisha yangu kwenye bahasha.

Nilikuita msomi mbele ya watu. Nilikuwa nawaambia, mafumbo yangu hayatakufa, yameenda Bukoba, yanachapwa. Kumbe ulijifunza kwangu kuficha tu. Sikukufundisha kufichua? Fumbo nililokuwa nikikupa likikushinda, nilikuwa nakuacha ulale nalo? Nilikuwa nakwambia jibu kabla hujalala, kila mara, hata ukiwa umeniudhi.

Basi sikia. Jumamosi ya tarehe ishirini na sita ukoo unakaa hapa uani. Wazee wa Ndyamukama wanakuja, mwenyekiti anakuja, Rwekaza ameitwa. Baba yako ameitwa. Avit ameitwa, na wamesema asipokuja wataenda kumtoa. Wanasema dole ni dole, mama alikubali, ila uzee umemsahaulisha. Ninachohitaji ni kuonyesha kwamba aliyekuwa ananisomea alikuwa anasoma mengine. Ushahidi huo unao wewe. Ile barua yangu ya tarehe kumi na nne, ya jua halimkaushi, imeandikwa kwa mkono wake mwenyewe. Mimi ninayo yako, hiyo uliyoandika kweli. Zikiwekwa mezani pamoja, kila mwenye macho ataona.

Lakini karatasi haitoshi, wameshanionyesha karatasi inavyoweza kusema. Utazileta mwenyewe. Utasimama mbele ya baba yako, na utasema: karatasi ile niliichapa mimi, mwezi wa sita, na Bibi hakuelezwa. Maneno hayo tu. Hakuna pacha, hakuna ganda. Ukishindwa, basi babu yako atalala chini ya magari ya Rwekaza, na mimi nitajua nilizikwa naye siku ile ile uliponipimia nafasi ya dole.

Baba yako akikufukuza, chumba chako kipo. Nimekifagia. Nimetoa magunia.

Usifikiri nimekifagia kwa sababu yameisha. Sijakusamehe. Klaudia ananitolea macho hapa, anasema Wakristo husamehe. Nimemwambia mimi ni Mlutheri, nitasamehe kwa ratiba yangu. Lakini utakula. Nina ndizi zimekomaa, na senene wa mwaka jana bado wapo kwenye chupa. Yale maharage ya kuhesabia herufi nimeyachanganya na mengine, yote yatapikwa.

Ule mlamula mpya mwenyekiti amenikataza kuung'oa mpaka ukoo ukae. Sijaung'oa. Ila kile kijiti chake nimekitoa, nione kama utasimama wenyewe. Asubuhi hii umeinama.

Klaudia anauliza kama nitie dole hapa chini, amechota na masizi kabisa. Nimemkatalia. Dole langu limeshaniuza mara moja, na kila anayelitaka sasa namwangalia mara mbili. Utanijua kwa matusi.

Gari la Ijumaa, la asubuhi. Nitakuwa nimekaa njiani, magoti au bila magoti.

Kokubanza